Fimbo Niliyoing'oa Mpakani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huwa naikumbuka hata nisipotaka. Inanijia nikiwa napalilia migomba, inanijia kanisani, wakati mwingine inanijia mezani na chakula kinanishinda. Ni siku niliyopigiwa makofi na uwanja mzima kule Muleba, na siku hiyohiyo nikamponza mama mjane, akapoteza mibuni aliyoachiwa na mumewe. Watu wazima wote wa nyumba hii wanaijua habari hii. Nilipowasimulia, wewe ulikuwa bado unanyonya.

Leo nakusimulia kwa sababu jana nilikuona. Usijifanye hujui. Nilikuona nyuma ya banda la mbuzi unajifunga goti kwa kitambaa, umekunja uso, kisha mama yako alipotokea ukaanza kupiga mluzi. Nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika. Mluzi ule naujua vizuri. Kaa hapa basi, nyoosha huo mguu, na usiniambie una haraka.

Wakati ule tulikuwa chini ya Mwingereza, nami nilikuwa kijana wa shule ya bweni mjini Bukoba. Kwetu ni hapahapa Buhembe, na marehemu babu yako mkubwa, yaani baba yangu, alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi na mtu wa kanisa. Nilikuwa na miguu, mwanangu! Ukiniona sasa nashuka ngazi mbili kwa kushika ukuta, utadhani nilizaliwa hivi. Nilikuwa nakimbia kutoka hapa mpaka shuleni, na nikifika sihemi.

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa Mzungu mmoja mrefu, wa soksi za kufika magotini, naye ndiye aliyetuletea mchezo ambao hatukuwa tumeuona. Anakupa ramani na dira. Kwenye ramani amechora vituo kwa wino mwekundu, na huko vilimani amekwenda kuficha madebe aliyoyapaka chokaa, kila debe lina herufi yake. Unalitafuta debe, unanakili herufi kwenye kadi, unatafuta lingine, mpaka umalize yote ndipo urudi. Mnaondoka mmojammoja kwa filimbi, ili mtu asimfuate mwenzake. Rafiki yangu Hamisi, kijana wa Kashai, mtoto wa fundi cherehani ambaye wazee wake walitoka pwani, alisema huko ni kutafuta mbuzi aliyepotea kwa kutumia karatasi. Tulicheka, lakini mimi mchezo ule niliupenda vibaya sana. Katika mazoezi yote hakuna aliyenipata.

Sasa yakatangazwa mashindano. Tungepelekwa Muleba kwa lori, kwenye vilima ambavyo hakuna kati yetu aliyevizoea, na shule nyingine zingekuja. Nilipeleka habari nyumbani, na baba akafanya kosa la kuzisema nje ya kanisa baada ya misa. Kufikia Jumapili iliyofuata Buhembe nzima ilikuwa inasema mimi nimekwisha kushinda, kilichobaki ni kwenda tu. Kichwa kikavimba. Nilikuwa natembea bwenini kama mkungu, yule mkuu wa kijiji wa kwetu Wahaya, anayekwenda kuamua kesi.

Na mguu ndio ukaumia. Usiniulize kama niliumia katika jambo la maana. Niliruka kutoka kwenye lori la shule kabla halijasimama, kwa sababu wasichana wa shule ya masista walikuwa wanapita. Ndiyo, cheka. Wao hata hawakugeuka. Kifundo cha mguu wa kushoto kiligeuka ndani, nikasikia kitu kinalia humo ndani kama kijiti kibichi, na kufikia jioni kilikuwa kimevimba sawa na boga dogo.

Hamisi ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto, ndiye aliyechana kikoi chake kuukuu akanifunga. Akaniambia, "Mwambie mwalimu. Yupo mwingine wa kwenda."

"Ukimwambia, urafiki wetu umekwisha," nikamjibu.

"Basi utakwenda kufa huko."

"Nitajikaza."

Nilijikaza kweli. Mbele ya mwalimu nilikuwa natembea sawasawa, na nikipita kona nashika ukuta machozi yananitoka. Nilijifunza hata kupiga mluzi wakati maumivu yanapokuwa makali. Unaona sasa kwa nini nilikujua jana.

Asubuhi ya mashindano ilikuwa ya ukungu na manyunyu. Tulikimbia miguu mitupu, kama kawaida ya wakati ule, na kile kitambaa cha kikoi nilikuwa nimekificha chini ya soksi niliyoikata unyayo, nikamwambia mwalimu ni kwa ajili ya baridi. Filimbi ikalia, nikaondoka. Debe la kwanza nililipata kando ya kijito, la pili kwenye mawe, na la tatu juu kabisa ya kilima. Moyo ulikuwa unaimba. Nikasema, mguu huu hauna kitu, ulikuwa unanitisha tu.

Ni wakati wa kushuka kilima kile ndipo ulipogeuka tena, palepale, upande uleule. Mungu wangu! Nilikaa kwenye nyasi zilizolowa nikauma mkono ili nisipige kelele. Nilipojaribu kusimama, ukakataa. Nikajaribu tena, nikaenda hatua chache za kuruka kwa mguu mmoja, nikaanguka. Pale palikuwa rweya tupu, na rweya unaijua, ni nyasi tu mpaka macho yanachoka, hakuna mti hata wa kuchokonolea meno. Nilihitaji fimbo, nami nilikuwa mahali pasipo na fimbo.

Nikatambaa. Chini rweya ilikoishia ndipo vilipoanzia vibanja vya watu, migomba mizito na mibuni chini yake, na moshi unatoka katika nyumba moja. Na hapo ukingoni, umesimama peke yake, umenyooka, urefu wa kifua changu, kulikuwa na mlamula.

Nitulie kidogo hapa, maana kuna watoto wa mjini siku hizi hawajui tena. Mlamula ni mmea wetu wa mpaka. Ukigawana kibanja na ndugu yako, wazee wanapanda mlamula mmoja juu na mmoja chini, na mstari wa macho kati ya hiyo miwili ndio mwisho wa chako na mwanzo wa chake. Kwetu mtu anaweza kuiba ndizi, akapigwa, akasamehewa, na wiki ijayo mkakaa naye kwenye pombe ya rubisi. Mtu aliyeng'oa mlamula hakai na watu. Hilo mtoto wa Muhaya analijua kabla hajajua kusali.

Mimi nililijua. Tafadhali usinitafutie sababu. Sikuudhania kuwa mti wa kawaida, wala ukungu haukunidanganya. Niliutazama nikaujua jina lake na kazi yake. Halafu nikatazama ramani mkononi mwangu. Kwenye ramani ile kulikuwa na kilima, kijito, barabara na kanisa, na vibanja vyote vya watu vilikuwa rangi moja ya kijani. Mpaka wa mtu haukuwepo. Nikajiambia, leo mimi natembea kwa ramani. Nikajiambia pia kwamba nimeumia, na mtu aliyeumia anasamehewa. Kijana akitaka kufanya ubaya haachi kupata wakili humohumo kichwani mwake.

Nyumba ilikuwa karibu kabisa. Ningeweza kubisha hodi. Lakini salamu zetu unazijua, hazina haraka, ungeulizwa umetoka wapi, wa nani, kwenu hawajambo, umepatwa na nini, na ungekaribishwa kukaa. Nilihesabu muda wa salamu nikaona nitashindwa mashindano. Na zaidi ya hapo, nilikuwa naona haya kuonekana nachechemea, mimi ambaye Buhembe nzima ilikuwa inanisubiri.

Nikaushika kwa mikono miwili nikauvuta. Ulikuwa kipande kilichopandwa si zamani, mizizi bado michanga, na udongo ulikuwa umelowa. Ukatoka kirahisi. Wakati nauvuta nilikuwa nimegeuza shingo natazama mlangoni kwa watu nisionekane. Likumbuke hilo, kwamba macho yangu yalikuwa mlangoni, hayakuwa kwenye mikono.

Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye migomba, kwa Kihaya, sauti ya upole tu. "Nani huyo?"

Sikujibu. Nikainama, nikarudi kwenye nyasi, nikaikata mizizi kwa kisu changu cha mfukoni na kuyapukutisha majani, nikaacha kishungi kidogo cha majani huko juu kwa sababu nilikiona kinapendeza. Akauliza tena, "Nani hapo? Kuna mtu?" Nikaegemea fimbo yangu nikashika njia.

Fimbo nzuri ilikuwa. Nilipata debe la nne na la tano, na nikaingia uwanjani wa pili. Hamisi alikuwa ameshafika, yeye ndiye aliyeshinda, na alinikimbilia kunishika. Akatazama fimbo. Yeye mtoto wa mjini, hakuitambua.

"Umeipata wapi?"

"Porini," nikasema.

Mwalimu aliuona mguu. Soksi ilikuwa imeshuka, kikoi kimefunguka, na kifundo kilikuwa cheusi. Alifurahi kuliko ambavyo angefurahi kama ningeshinda! Akanipandisha juu ya benchi, akawaambia watu wote, kwa Kiswahili chake kile, kwamba huyu ndiye mwanamume, ametembea vilimani kwa mguu mmoja, watoto wote wa Tanganyika wajifunze kwake. Watu wa kijiji waliokuja kutazama wakapiga makofi, wanawake vigelegele. Mwanangu, nilivimba. Nilikuwa na maumivu hayo yote na bado nilivimba. Kisha mwalimu akanichukua ile fimbo mkononi akainyanyua juu kabisa, ili watu wote waione.

Makofi yakafa. Hayakufa polepole. Wenyeji waliokuwa mbele walishusha mikono, waliokuwa nyuma wakauliza kuna nini, na neno likapita kwa kunong'ona mpaka uwanja mzima ukawa kimya. Mwalimu alibaki ameishika juu anatabasamu. Alidhani hawakuelewa, akaitikisa. Wenzangu wa bwenini, Wahaya wenzangu, wote walikuwa wanatazama chini. Mimi nikiwa juu ya benchi sikuwa na mahali pa kutazama. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani.

Na hapo hapo wakaja. Alikuwa mkungu wa kijiji kile, mzee Kaijage, pamoja na mama mmoja aliyejifunga kitenge kiunoni, miguu ina matope mpaka magotini. Walikuwa wamekutana njiani, mzee hajafika bado mpakani, wakafuata alama kwenye njia ya udongo, unyayo mmoja na kitundu cha fimbo, unyayo mmoja na kitundu cha fimbo, mpaka uwanjani. Yule mama aliitwa Kokugonza. Nilipomsikia akimsalimu mtu, nikaijua sauti.

Mzee Kaijage hakupayuka. Ningependa angepayuka. Alimwomba mwalimu ile fimbo kwa mikono miwili, akaigeuza, akagusa mahali nilipokata mizizi, akampa yule mama. Kisha akaniuliza ukoo wangu. Nikautaja. Akaniuliza baba yangu. Nikamtaja. Akaniuliza kwetu ni wapi, nikasema ni Buhembe.

"Buhembe," akasema. "Huko kwenu hakuna milamula?"

Alisema hivyo tu, na mpaka leo sijaambiwa neno lililoniuma kuliko hilo. Nikasema kwa heshima ya Kihaya, "Ipo, waitu." Mwalimu alikuwa anauliza wanasema nini, akaelezwa, akasema kama ni mti basi si wapande mwingine.

Mzee Kaijage akanieleza, mbele ya wote, nilichofanya. Kibanja kile kilikuwa cha ndugu wawili, baba yao aliwagawia. Mmoja akafa, akaacha mke, huyo Kokugonza, na mtoto mdogo wa kiume ambaye mama anamtunzia fungu la baba yake. Ndugu aliyebaki alikuwa anautaka ukanda wa mpakani, kwa sababu ndipo marehemu alipopanda mibuni iliyoshika vizuri kuliko yote. Mwaka uliopita moto wa rweya uliunguza mlamula wa chini. Mkungu wa wakati ule akaja akapanda kipande kipya mahali palepale, mbele yao wote, shauri likaisha. Muda si mrefu mkungu yule akafariki. Kaijage alikuwa mgeni katika kazi, hakuwepo siku ya kupanda, na majirani waliokuwepo walikumbuka rubisi ya siku ile kuliko walivyokumbuka hatua.

"Kile kipande ulichoegemea ndicho kilichokuwa kinamshikia huyu mama kahawa yake," akasema. "Shuka twende ukatuonyeshe shimo lake."

Tukaenda. Mwalimu alitaka nipelekwe zahanati kwanza, Hamisi akamwambia ngoja kwanza, Bwana, hii ni kesi. Hamisi alinishika njia yote ya barabara. Tulipoingia njia nyembamba ya vibanjani hatukutosha wawili, akaanza kunivuta kama gunia. Yule mama alikuwa mbele, amebeba mlamula wake amesimamisha wima. Akageuka akatutazama, akampa mzee Kaijage mlamula, akanisogelea, akainama.

"Weka mkono," akasema.

Nikamwegemea. Mwanangu, nilimwegemea mwanamke niliyemwibia, uzito wangu wote, kwa sababu bila yeye nisingefika. Alikuwa anahema.

Tulipofika, shemeji yake, yule ndugu aliyebaki, alikuwa hapo ukingoni na jembe, analima kama mtu asiye na habari. Udongo wote wa pale chini ulikuwa umechimbuliwa na nyasi zimetandazwa juu, vizuri, kama tunavyotandaza kwenye migomba. Sikumwona akifukia shimo, siwezi kuapa. Nilichoona ni udongo uliolimwa na nyasi.

Akasema kwamba mlamula ulikuwa pale, akaonyesha. Mama Kokugonza akasema ulikuwa pale, akaonyesha kwingine. Kati ya pale na pale kulikuwa na ile mibuni, mizuri, imeanza kuiva, matunda mekundu. Wote wakanigeukia mimi. Mzee Kaijage akasema, "Kijana, mkono wako ndio wa mwisho kuushika. Onyesha."

Nikatazama. Mlamula wa juu ulikuwepo njiani, niliweza kuuona. Huku chini nikatafuta jiwe, kichuguu, mgomba ulioinama, kitu chochote ambacho jicho langu lilikishika asubuhi. Hakikuwepo kitu. Nimekwambia macho yangu yalikuwa wapi. Mimi niliyeweza kupata madebe kwenye vilima vya watu nisivyovijua, kwenye ukungu, nilishindwa kupata shimo nililolichimba kwa mikono yangu miwili asubuhi ileile. Nilikwenda huku, nikarudi kule, nachechemea, mtu mzima na mtoto wananitazama. Ramani ilikuwa bado mfukoni. Nilikaribia kuitoa, nikaona haya.

Nikanyoosha kidole mahali alipoonyesha mama. Nilisema, "Ni hapa."

Shemeji yake akasogea karibu. "Unajua, au unamhurumia?"

Nikatazama tena ule udongo uliolimwa.

"Utaapa mbele ya mkungu? Utaapa kwa ukoo wako?"

Kidole kikashuka chenyewe. Nilimtazama yule mama. Alikuwa ananitazama kwa matumaini, na mimi ndiye mtu wa mwisho duniani aliyestahili kutazamwa hivyo. Nikasema, "Sijui. Sikuangalia."

Alikaa chini palepale kwenye nyasi, miguu ameinyoosha mbele, mikono mapajani, kama wanavyokaa msibani.

Mzee Kaijage alifanya alichoweza. Akapima kati ya pale na pale, akaupanda mlamula katikati, majirani wakashuhudia. Nusu ya mibuni ikaenda upande wa shemeji. Hapo sasa nikalia, nikalia kwa sauti kama mtoto mdogo, mbele ya Hamisi na mbele ya watu wote, na hakuna aliyeniambia nyamaza.

Watu walipoanza kutawanyika, mama Kokugonza aliinuka akaniita nyumbani kwake. Nilidhani ananiita anitukane faragha, na nilitaka anitukane. Alinikalisha mlangoni, akaleta maji ya moto, akafungua kile kitambaa, akanikanda kifundo taratibu huku anaguna, "Mwana wange, mguu huu ulitembeaje?" Akaufunga upya kwa kitambaa safi. Kisha akaingia ndani, akapapasa nyuma ya mlango, akatoka na fimbo. Ilikuwa fimbo ya mti mgumu, imeng'aa mahali pa kushikia.

"Ya marehemu," akasema. "Haina mtu wa kuitumia. Asubuhi niliposema nani huyo, ungeniambia ni mimi nimeumia, ningekutolea hii."

Nikapiga magoti, kwa mguu ule mbovu, nikaipokea.

Baba ndiye aliyeirudisha, kwa sababu mimi nililala wiki kadhaa mguu ukiwa juu ya mto. Alikwenda Muleba yeye mwenyewe, mtu yule aliyekuwa amenisifu nje ya kanisa, amebeba fimbo ya watu na mkungu wa ndizi na kibuyu cha rubisi, akamwomba radhi mama wa watu. Jumapili baada ya kurudi, misa ilipokwisha, alipitia mlango wa pembeni akaenda moja kwa moja nyumbani. Nilimwona dirishani anakuja peke yake, mapema, mkono nyuma, nikageukia ukutani.

Basi, mwanangu, nimekwambia hayo yote ili nikuombe machache. Mwili wako ukiumia, sema. Ukiuficha leo, kesho hautakuomba ruhusa, utakuangusha mahali ambapo huna rafiki wala mlango, na hapo ndipo utafanya ambacho hukudhani unaweza. Mimi sikuwa mwizi. Nilikuwa kijana mwenye maumivu na haraka na sifa za watu kichwani, na vitu hivyo vitatu vilitosha.

Na ukiumia, usidhani maumivu yako yamekupa haki juu ya vitu vya wengine. Utakutana na watu wengi wenye vidonda halisi, wanaoumia kweli, na wanapita wanang'oa mashamba ya watu, na ukiwauliza wanakuonyesha kidonda. Usiwe miongoni mwao. Tazama unachokishika. Tazama ni cha nani, na kinamshikia nini. Kuna vitu ukishavitoa mahali pake hata ukitaka kuvirudisha kwa moyo wako wote, hujui tena pa kuvirudisha.

La mwisho ndilo linaloniuma mpaka leo. Ukiulizwa nani huyo, jibu. Jibu hata kama unaona haya, hata kama unachechemea, hata kama wenzako wanakupita. Watu si wabaya kama tunavyowadhania tukiwa tunajificha. Mara nyingi kile tunachokwenda kuiba, wao walikuwa tayari kutupa.

Haya, inuka sasa uende kwa mama yako ukamwonyeshe hilo goti, na ukimaliza umwambie mwalimu wako wa michezo. Watakucheka kidogo, utaishi. Mungu akupe miguu inayokufikisha kwa watu, mwanangu. Akupe uso usioogopa kuonekana umeumia. Na kila nyumba utakayoipita katika maisha yako, ikufurahie unapoingia, isije ikafuata nyayo zako ukishatoka.